Kipa Hakati Tiketi ya Ndege

Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0, mechi ya kwanza, Kombe la Shirikisho Afrika. Ya marudiano haikuchezwa: timu haikufika Libya, ikatolewa. Msimu huohuo ikashuka daraja.

Vijiweni kwetu, iwe Musoma, Bunda au Butiama, kipa hupimwa kwa swali moja: timu yake ilishinda? Haya, huyu aliyemaliza dakika 90 bila kuruhusu bao tumwandike wapi? Kumbukumbu zinasema katolewa, basi.

Wamarekani wamelihangaikia swali hili zaidi ya miaka 100 kwenye besiboli. Kipa wao, tuseme, ni mrushaji, yule anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Zamani alihesabiwa ushindi na vipigo vya timu nzima. Mwaka 1912 National League ikarasimisha wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila awamu 9, na ile iliyotokana na makosa ya wadakaji ikatolewa. Hapo mzigo wa wenzake ukapungua.

Mwaka 2001 Voros McCracken akaenda mbali zaidi: mpira ukishagongwa ukabaki uwanjani, mrushaji hana kauli kubwa kama utadakwa au la. Kutokana na hoja hiyo kikaja kipimo cha FIP, kinachotazama mambo ambayo wadakaji hawayagusi: wapigaji aliowatoa mwenyewe, aliowapa besi ya bure, na mipira iliyopigwa ikavuka uzio.

Matunda yake yalionekana 2018. Jacob deGrom wa New York Mets alishinda mechi 10 tu, akapoteza 9, lakini wastani wake ulikuwa 1.70. Wakampa tuzo ya Cy Young. Enzi za kuhesabu ushindi asingeiona.

Ila FIP nayo ina upofu wake. Mrushaji anayewalazimisha wapigaji kugonga mipira dhaifu haambulii kitu, sawa na kipa anayewapanga mabeki vizuri hadi shuti lenyewe lisipigwe. Hesabu ya mipira aliyookoa haimwoni.

Kwa hiyo kipimo kamili hakipo. Lakini swali la kuanzia lipo: nini kilikuwa mikononi mwake? Mpira ulikuwa mikononi mwa kipa wa Biashara. Safari ya Libya haikuwa.