Nyuzi 78

Somo la kutenganisha mchanganyiko tulilipata kidato cha kwanza: chumvi na mchanga kwanza, halafu pombe na maji. Pombe huchemka kwa nyuzi 78, maji kwa 100. Unanasa mvuke, unaupoza. Nilicheka kimoyomoyo, maana mtaani hiyo ni kazi ya kila siku: pipa motoni, karai la maji baridi juu, sufuria ndani ya kudaka matone. Wanubi wa Kibra, wazao wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza, walipika gini yao tangu enzi za mkoloni.

Mwaka 1980 sheria ikapiga chang'aa marufuku. Nani aliacha kunywa? Wapishi walijificha tu kando ya Mto Mathare. Na mtu anayekimbizana na karao hana subira ya kungoja tone baada ya tone. Kuna waliotia methanoli ya viwandani kuongeza makali. Haina rangi, na puani ni pombe tu, ila mwilini inageuka asidi inayoharibu mishipa ya fahamu ya macho. Novemba 2000, kumi kumi, ile ya shilingi 10 kwa glasi, iliua zaidi ya watu 100 Nairobi, wengi wao Mukuru. Wengine walibaki vipofu.

Ati chang'aa iliwaua. Mimi nabisha: waliuawa na aliyerudisha sumu ndani ya kitu kilichokwisha kutenganishwa.

Sheria ya 2010 iliihalalisha, mradi iwe kwenye chupa ya glasi yenye lebo. Sasa mama wa Mathare angetoa wapi pesa za chupa?