Tanuri la umeme la kujitengenezea: anza na hesabu

Umeme ukishafika nyumbani, mfinyanzi aliyechoka kutafuta kuni hujiuliza: je, naweza kujitengenezea tanuri la umeme? Inawezekana, lakini hesabu hutangulia ujenzi.

Nguvu ya umeme

Koili yenye ukinzani wa omu 20 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 11.5, yaani wati 2,645. Hiyo inatosha tanuri dogo, lenye nafasi ya ndani ya sentimita 30 kila upande. Ila vijijini umeme hushuka. Ukifika volti 190, tanuri hilohilo hutoa wati 1,805 tu, na vyungu vinaweza kushinda humo bila kuiva. Kabla ya kununua chochote, mwombe fundi apime volti mchana na jioni.

Kuta na koili

Tumia matofali mepesi ya kuzuia joto, yanayokatika kwa msumeno wa mkono. Matofali ya kawaida ya kujengea nyumba hunyonya joto jingi. Chonga mifereji kwenye kuta za ndani na ulaze humo koili ya waya maalumu wa chuma, kromiamu na alumini. Ikishapata moto mara ya kwanza hukakamaa, hivyo usiikunje ikiwa baridi.

Kuchoma

Saa za mwanzo joto lisizidi nyuzi 100, mpaka maji yaishe kwenye udongo. Weka kioo karibu na tundu la juu: kikipata ukungu, bado. Kisha pandisha polepole, hasa karibu na nyuzi 573. Vyungu vya kawaida huiva karibu na nyuzi 1,000. Saa kumi za moto mfululizo hula uniti 26 hivi. Zidisha kwa bei ya uniti kwenu.

Usalama

Koili iko wazi na ina umeme. Kuigusa, hata kwa koleo la chuma, kunaweza kuua. Weka swichi inayokata umeme mlango unapofunguliwa, na bati la nje liunganishwe na waya wa ethi. Tanuri liwe na laini yake na sakiti breka yake, mbali na paa la nyasi na watoto. Kujenga kuta tunaweza wenyewe. Kuunganisha umeme tumwachie fundi mwenye leseni.