Land Rover ya Babu na Maji ya Rufiji

Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, ukishavuka Daraja la Mkapa utapita Chumbi bila hata kugeuza shingo. Lakini ukishuka na kuuliza kwetu, hakuna atakayekutajia jina la baba. Watakuambia, "Pale penye Land Rover." Kwa karibu miaka thelathini gari la marehemu babu lilikaa chini ya mkorosho, juu ya magogo manne, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Mwaka 2022 baba alikuja likizo na boksi la spana, akalizunguka mara mbili, akasema, "Hili litatembea." Sisi watoto tukacheka. Bibi hakucheka. Aliingia ndani akafunga mlango.

Gari lenyewe ni Series IIA, ile ndefu ambayo wenyewe huiita 109, kwa sababu toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ukoo wake ulianza shambani, si mjini. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani, akiitumia shambani kwake kisiwani Anglesey. Akawaza: hii ikifa, nitapata wapi nyingine? Akaunda yake. Ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, hivyo bodi wakaitengeneza kwa aloi ya alumini.

Hilo nililijua kwa mikono kabla ya kulisoma. Bodi ya gari la babu haikuwa na kutu hata kidogo. Adui alikuwa chini, kwenye chesisi, ambayo ni ya chuma. Na pale alumini inapogusana na chuma, katika hewa ya unyevunyevu kama hii yetu, vitu hivyo viwili hulana, na alumini hubaki unga mweupe kama wa muhogo. Baba alikata, fundi akachomelea, mimi nikashika taa. Likizo nzima ikaishia hapo.

Likizo ya pili tukahamia kwenye injini, ya petroli, lita mbili na robo. Kutafuta spea ndiko kulikonifundisha historia zaidi ya darasani. Tulizunguka Gerezani na Kariakoo mpaka viatu vikaisha. Kabureta tuliyouziwa kuwa mpya kumbe ni kuukuu iliyopakwa rangi. Nikamlalamikia baba, naye akanijibu, "Wewe unalia duka limekudanganya. Babu yako hakuwa na duka la kumdanganya."

Alikuwa na maana yake. Babu alikuwa dereva wa serikali. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena 1979, katikati hapo ikaja vita ya Kagera, na nchi ikakaukiwa fedha za kigeni. Kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Land Rover nzima ilikufa kwa kukosa beringi moja, ikalala uani kwenye majani, mwishowe ikapigwa mnada. Babu alilinunua hili mnadani, akalifufua kwa vipande vya yale mengine yaliyokufa. Kumbe sisi tulikuwa tunatengeneza gari lililokwisha kutengenezwa.

Siku tunakwangua rangi mlangoni, chini ya kijani kukatokea herufi nyeupe, tatu tu zikisomeka. Kaka akaita, "Bibi, njoo uone!" Bibi akaja, akatazama, akarudi jikoni. Hakusema kitu mpaka maji yalipokuja.

Aprili 2024 Rufiji ilifurika. Maji yaliingia mashambani na majumbani, Muhoro, Chumbi na kwingineko. Kwetu tuko juu kidogo, basi ndugu wa bondeni wakaja na walichoweza kubeba. Gari lilikuwa halina breki wala gia, bado liko juu ya magogo. Tukapakia humo magodoro, mpunga na watoto. Usiku mvua ikipiga bati, bibi akaanza kusimulia.

Mwaka 1968 mto ulifurika hivyo hivyo. Baada ya hapo serikali, iliyokuwa imetangaza Azimio la Arusha mwaka mmoja nyuma, ikawahamisha watu wa bonde kwenda juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Hoja zilikuwa na uzito: mtu asife maji, watoto wapate shule, wagonjwa wapate zahanati. Lakini bonde lilikuwa na hoja zake. Maji yakipungua huacha udongo mpya, na ndipo watu hupanda mlau, kilimo cha baada ya mafuriko. Mto unaokufukuza ndio huo huo unaokulisha.

"Ilikuja Land Rover kama hii," bibi alisema. "Bwana mkubwa kakaa mbele, anasema. Dereva haangalii mtu, anaangalia usukani tu. Mama yangu alilia kwa ajili ya migomba yake."

Kaka akauliza, "Na huyo dereva mlimfanya nini?"

"Miaka miwili baadaye akaja kunichumbia."

Tulicheka wote, hata waliopoteza nyumba. Lakini mimi usingizi ulinipotea. Nilikuwa nimejiandaa kuandika habari za gari shujaa. Sasa nikajiuliza, je, gari linaweza kuwa na deni? Babu alitii amri, akavuta mshahara, akaoa miongoni mwa waliohamishwa, akazeeka nao. Hakuwahi kulizungumza. Nami nisingelijua kama tusingekwangua ule mlango.

Oktoba 2024 watu walikusanya Land Rover zao Arusha kwenye tamasha, wakitafuta rekodi ya dunia ya msafara mrefu. Bei zikapanda midomoni. Kaka akasema tuuze. Nisimfiche msomaji, hata mimi nilipiga hesabu ya ada.

Desemba tukaliwasha kwa hendeli. Likakohoa, likatoa moshi, likakamata. Bibi akatoka, kavaa kanga mpya, akapanda mbele bila kuombwa. "Nipelekeni shambani," akasema, "kule kwa mama."

Baba akabonyeza rungu la njano kuunganisha ekseli ya mbele, akavuta lile jekundu kwa nguvu ya tope, tukashuka bondeni taratibu. Mahali pa nyumba ya mama yake palikuwa mahindi ya watu wengine, yamefika magotini, na dungu moja juu ya nguzo. Bibi alikaa akatazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia baba, "Geuza. Giza linaingia."

Mlango tumeuacha bila rangi. Kaka anasema unashusha bei. Bibi anasema ndiyo, acha ishuke.