Nani Anaiona Dadu?

Januari 1942, Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliitangazia vita mashine ya pinboli, ile meza yenye kioo juu ambamo mpira wa chuma hurushwa, ukagonga vigingi huku na kule, kisha ukaanguka unakotaka wenyewe. Polisi walizisomba mashine kwa maelfu, zikavunjwa kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Hoja ya Meya ilikuwa kwamba anayecheza haongozi chochote, ni bahati tu inayomchezea, na sarafu zinazotumbukizwa mle zinatoka mifukoni mwa watoto wa shule. Kwa mashine za wakati ule hakukosea sana. Lakini mwaka 1947 watengenezaji waliongeza vibao vya kuupiga mpira urudi juu, mchezo ukabadilika tabia, na marufuku ikabaki palepale. Ni mwaka 1976 ndipo mwandishi wa magazeti Roger Sharpe alipoitwa mbele ya madiwani, akataja njia atakayoupitisha mpira, akauvuta mkono wa mashine, na mpira ukapita alikosema. Jiji likaifungulia pinboli. Sharpe mwenyewe alikuja kukiri kwamba pigo lile lilibebwa na bahati.

Kisa hicho kina uzito kwa sababu swali lililogawa New York kwa zaidi ya miaka 30, yaani ustadi au bahati, ndilo serikali nyingi zililolibeba hadi kwenye gemu za simu na kompyuta, likiwa na pacha wake: je, anachoshinda mchezaji ni fedha? Sheria za kamari zimejengwa juu ya maswali hayo mawili, na kwa meza ya kasino au tiketi ya bahati nasibu yanatosha. Ndani ya gemu hayatoshi. Huko anayeitupa dadu ndiye anayeiuza, ndiye anayeitengeneza, na ni yeye peke yake anayeiona. Penye hali hiyo, kubishana kama jambo ni kamari au si kamari ni kupoteza muda. La kuuliza ni muuzaji anamficha nini mnunuzi.

Japani ililiona hilo mapema kuliko wengine. Gemu za simu za huko zilikuwa zikiuza “gacha”, jina lililotokana na mashine za dukani zinazotoa kidude ndani ya kifuko cha plastiki, nawe hujui utapata kipi. Kampuni zikavumbua aina kali zaidi, “kompu gacha”: ukikusanya seti nzima ya kadi zinazotoka kwa bahati, unapewa zawadi adimu. Mtego wake uko kwenye hesabu. Chukua seti ya kadi 10 zenye nafasi sawa ya kutoka. Mtu angedhani atanunua mara 10, labda 15. Kwa wastani atanunua mara 29, na kadi ya mwisho peke yake itamla mara 10. Kadiri anavyokaribia kumaliza ndivyo kila hatua inavyozidi kuwa ghali, na ndivyo inavyozidi kumuuma kuacha. Mei 2012 ilipojulikana kwamba Shirika la Masuala ya Walaji la Japani linaona mtindo huo unavunja sheria, hisa za kampuni za gemu GREE na DeNA zilianguka kwa kiasi cha moja ya tano kwa siku moja. Sheria iliyotumika haikuwa ya kamari. Ilikuwa ya mwaka 1962, ya kuzuia zawadi zisizofaa na maelezo ya kupotosha katika biashara. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha kwamba kadi ya kwenye simu ni fedha.

Wengine walilifuata swali la fedha, na fedha ikawatoroka. Agosti 2013 kampuni ya Valve ya Marekani iliingiza kwenye gemu yake ya Counter-Strike: Global Offensive masanduku yanayofunguliwa kwa ufunguo wa kununua, ndani yake mkiwa na “skini”, yaani rangi na mapambo ya bunduki ambayo hayamwongezei mchezaji uwezo wowote. Skini hizo ziliweza kuuzwa na kubadilishwa, na punde zikawa sarafu. Tovuti za watu wa nje zikaanza kuzipokea kama dau, na mtoto asiyeruhusiwa kukanyaga kasino akawa anabeti kwa bunduki ya rangi. Mashindano yenyewe yakaambukizwa: Januari 2015 Valve iliwafungia wachezaji kadhaa wa timu ya iBUYPOWER kwa kuuza mechi ya Agosti 2014, na faida ya mchezo huo mchafu ilikuja kwa skini. Serikali ilikuwa wapi? Ni Oktoba 2016 ndipo Tume ya Kamari ya Jimbo la Washington, ambako Valve ina makao yake, ilipoiamuru ikomeshe matumizi ya skini katika kamari. Kwa miaka mitatu swali “je, hii ni fedha?” lilikuwa limempa kila mhusika mlango wa kutokea.

Kishindo kikubwa kilikuja Novemba 2017, Electronic Arts (EA) ilipotoa Star Wars Battlefront II, gemu ya kulipia ambayo ndani yake nguvu za ushindi zilitoka tena kwenye visanduku vya bahati. Wachezaji wakawaka, na wanasiasa wakaamka. Aprili 2018 Ubelgiji na Uholanzi zilitoa maamuzi yao, na tofauti kati ya majirani hao inafundisha kuliko ripoti yoyote. Uholanzi ilichunguza gemu 10 ikasema 4 zinavunja sheria, kwa kuwa vilivyomo visandukuni vinaweza kuuzwa. Ubelgiji haikujali kama vinauzika: kuna dau, kuna kupata au kukosa, kuna bahati, basi ni kamari, na adhabu inaweza kufika faini ya euro 800,000, maradufu watoto wakihusika. EA iligoma kwa miezi, kisha Januari 2019 ikakubali kuacha kuuza pointi za FIFA, gemu yake ya mpira, nchini humo. Uholanzi nayo iliipiga EA faini ya euro milioni 10, mahakama ya The Hague ikaiunga mkono mwaka 2020, lakini Machi 2022 Baraza la Dola, mahakama ya juu zaidi ya masuala ya utawala, likaifuta: pakiti za wachezaji za FIFA, lilisema, si mchezo unaojitegemea bali ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ustadi. Ni Sharpe na mpira wake tena, safari hii akiwa na mawakili.

Atakayesema Ubelgiji basi ndiyo mfano wa kuiga, kwa kuwa ilipiga marufuku bila kigugumizi, nampa takwimu moja. Uchunguzi wa kitaaluma uliofanywa baada ya marufuku hiyo ulikuta kwamba kati ya gemu 100 za iPhone zilizokuwa zikiingiza fedha nyingi zaidi Ubelgiji, asilimia 82 bado zilikuwa na visanduku vya bahati. Tume ya kamari ya nchi hiyo ilikuwa na ubavu wa kuitisha kampuni kubwa moja au mbili; hizo nyingine zote zikapita kama maji kwenye tenga.

Pingamizi zito zaidi ni lile la watengenezaji wenyewe. Mbele ya wabunge wa Uingereza mwaka 2019, EA ilivilinganisha visanduku hivyo na mayai ya Kinder, yale ya chokoleti yenye kidude ndani: mtoto hufurahia kushtukizwa, kuna ubaya gani? Wengine hutaja pakiti za stika za wachezaji wa Kombe la Dunia. Kamati ya wabunge haikushawishika, ikataka visanduku vitawaliwe kama kamari. Serikali ikakataa Julai 2022, ikisema wazazi na kampuni wajiwekee utaratibu. Mfano wa yai una ukweli ndani yake. Ila yai halimjui anayelinunua. Halihesabu mtoto ameshalipa mara ngapi, wala mtengenezaji hawezi kulibadilisha likiwa tayari mkononi mwa mnunuzi. Programu inaweza yote hayo. Mzazi naye anaombwa asimamie jambo ambalo hata mkaguzi wa serikali halioni mpaka afunguliwe rekodi za kampuni.

Ushahidi wa hilo ulitoka Korea Kusini. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Haki ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya Nexon faini ya takriban woni bilioni 11.6 kwa sababu ya gemu yake ya MapleStory. Wachezaji walikuwa wakinunua “mchemraba” unaozipa silaha zao sifa mpya kwa bahati. Tume ilikuta kwamba tangu mwaka 2010 kampuni ilishusha uwezekano wa kupata sifa zinazotafutwa zaidi bila kuwaarifu wanunuzi, na kwamba kuanzia mwaka 2011 baadhi ya michanganyiko iliyopendwa sana iliwekewa uwezekano wa sifuri. Watu waliendelea kulipa kwa miaka wakisubiri kitu kisichoweza kutoka. Hiyo haikuwa kamari hata kidogo, kwani katika kamari kuna angalau nafasi ya kushinda, na hakimu wa kamari angelazimika kuiachia huru kampuni. Sheria ya ulinzi wa walaji ndiyo iliyoikamata.

Wapo wanaosema kutangaza uwezekano hakusaidii, kwani nani husoma maandishi madogo? China iliamuru hivyo tangu Mei 2017 na watu bado wananunua. Ni kweli, na gacha za kawaida za Japani zilinawiri baada ya kompu gacha kufa. Lakini tangazo halina msomaji mmoja tu. Kampuni ikishaandika asilimia moja, imejifunga mbele ya mkaguzi, mshindani na mchezaji anayejua hesabu, na atakayerekodi ununuzi 10,000 anaweza kuufichua uongo. Machi 2021, shinikizo la wachezaji lilipoifanya Nexon ichapishe takwimu zake, wao wenyewe ndio waliosoma jedwali na kugundua michanganyiko iliyokuwa haiwezekani. Tangu tarehe 22 Machi 2024, kampuni za gemu zinazouza kwa bahati nchini Korea Kusini zinalazimika kuyaonyesha majedwali hayo ndani ya gemu, kwenye tovuti zao na katika matangazo.