Bahasha ya 1977, Simu ya Leo

Uwezo wa forodha ya Marekani wa kupekua ni mkongwe kuliko kinga ya raia dhidi ya upekuzi. Sheria ya ushuru ya Julai 1789 iliwaruhusu maafisa kuingia melini na kukagua shehena bila hati ya hakimu. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza upekuzi usio na sababu, yaliidhinishwa mwaka 1791. Serikali changa iliishi kwa ushuru, na ilichokisaka ni bidhaa.

Mwaka 1977, katika kesi ya Ramsey kuhusu heroini iliyotumwa kwa barua kutoka Thailand, Mahakama ya Juu ilisema upekuzi wa mpakani ni halali kwa kuwa tu unafanyika mpakani. Lakini kanuni za wakati huo zilimruhusu afisa kufungua bahasha, si kusoma maandishi yaliyomo bila hati. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyopotea baadaye.

Ilipotea kompyuta zilipoanza kusafiri na watu. Mwaka 2008 mahakama moja ya rufaa iliamua kuwa kompyuta ya abiria aliyetua Los Angeles haina tofauti na sanduku lake. Wapo wanaolaumu hofu iliyofuata Septemba 11, 2001. Hofu hiyo ilichangia, ila haikuunda mamlaka mapya: ilichochea yale ya 1789, nayo simu ikayapa cha kusoma. Simu zilizopekuliwa, pamoja na vifaa vingine, zilipanda kutoka takribani 19,000 mwaka wa fedha 2016 hadi 30,000 mwaka uliofuata.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliwataka polisi wawe na hati kabla ya kupekua simu ya mtu waliyemkamata, bila kugusa suala la mpaka. Forodha ikajiwekea mwongozo Januari 2018: afisa asome yaliyohifadhiwa ndani ya kifaa tu, na kukichambua kwa mitambo kuhitaji shaka ya msingi au hoja ya usalama wa taifa. Mahakama zimegawanyika. Ile ya rufaa ya Boston ilikubaliana na serikali mwaka 2021. Mwaka 2024 jaji wa New York alidai hati.

Raia anayekataa kutoa nywila hawezi kuzuiwa kuingia nchini mwake, ingawa simu yake inaweza kushikiliwa. Mgeni mwenye viza anaweza kurudishwa alikotoka.