Wahenga wa Ireland na vitabu vilivyosalimika



Tarehe 23 Mei mwaka 2011, Barack Obama, aliyekuwa Rais wa Marekani wakati huo, alikitembelea kijiji kidogo cha Moneygall, katika kaunti ya Offaly nchini Ireland. Wengi wenu mnaijua Kogelo, huko Siaya nchini Kenya, kwao baba yake. Moneygall ilikuwa haijulikani sana hadi mwaka 2007, pale Stephen Neill, kasisi wa Kanisa la Anglikana katika eneo hilo, alipoombwa na watafiti wa nasaba wa Marekani apekue vitabu vya zamani vya parokia ya Templeharry. Humo ilipatikana familia ya Kearney, ya fundi viatu. Kijana wao Falmouth aliondoka mwaka 1850 akiwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, akaingia New York, kisha akashika njia ya Ohio. Huyo ndiye mhenga wa Obama kwa upande wa mama yake, vizazi vitano nyuma.

Marais kadhaa wa Marekani kabla yake walikuwa na asili ya Ireland, kwa hiyo habari hiyo peke yake haina mengi ya kustaajabisha. Kinachostahili kutazamwa ni kile kitabu cha parokia. Vitabu vya aina yake, zaidi ya nusu ya vyote vilivyokuwapo nchini, viligeuka majivu mwaka 1922, na sababu yake ni kwamba vilikuwa vimepelekwa mahali palipodhaniwa kuwa pa salama kuliko pengine pote.

Kanisa la Anglikana lilikuwa kanisa la dola nchini Ireland hadi sheria ya mwaka 1869 ilipoliondolea hadhi hiyo. Baada ya hapo, kwa sheria za mwaka 1875 na 1876, vitabu vyake vya zamani vya ubatizo, ndoa na maziko vilihesabiwa kuwa mali ya umma, na parokia zikatakiwa kuvipeleka katika Ofisi ya Nyaraka za Umma mjini Dublin, isipokuwa pale kasisi alipoweza kuonyesha kwamba anavihifadhi vizuri. Ofisi hiyo ilikuwa ndani ya majengo ya mahakama yaitwayo Four Courts, kando ya mto Liffey. Mwezi Aprili 1922 wapiganaji waliokataa mkataba na Uingereza waliyateka majengo hayo. Tarehe 28 Juni majeshi ya serikali mpya yakaanza kuwapiga kwa mizinga, na tarehe 30 mlipuko mkubwa ukafuatwa na moto ulioteketeza hazina ya karne saba. Vipande vya hati vilivyoungua vilionekana vikipeperuka juu ya mji wa Dublin.

Pamoja na vitabu vya kanisa iliungua karibu sensa yote ya miaka ya 1821, 1831, 1841 na 1851. Hata hivyo moto usibebeshwe lawama yote. Fomu za sensa za mwaka 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe mara baada ya hesabu kukamilika, na zile za 1881 na 1891 zilipondwapondwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ili zitengenezwe karatasi nyingine. Kwa hiyo sensa kongwe zaidi iliyobaki kamili ni ya mwaka 1901, ikifuatwa na ile ya 1911.

Sasa tuwatazame Wakatoliki, waliokuwa wengi wa wananchi. Katika karne ya 18 sheria ziliwabana wasimiliki ardhi kama wengine wala kushika nyadhifa, na kanisa lao halikutambuliwa na dola. Ndiyo maana parokia nyingi hazina vitabu vya kabla ya mwanzo wa karne ya 19, na huko magharibi, kwenye umaskini mkubwa, baadhi huanza kwa kuchelewa zaidi. Lakini kwa kuwa dola haikuvitambua vitabu hivyo, haikuvidai pia. Vilibaki katika makabati ya mapadre, penye unyevu na panya, na siku Four Courts ilipowaka havikuwapo humo. Kudharauliwa kwao ndiko kulikowaokoa. Katika miaka ya 1950 Maktaba ya Taifa ya Ireland ilianza kuvipiga picha katika filamu, na mwezi Julai 2015 picha za vitabu vya parokia zaidi ya elfu moja, vingi vikiishia karibu na mwaka 1880, ziliwekwa katika mtandao wa intaneti bila malipo.

Anayekifungua kitabu kama hicho kwa mara ya kwanza asitarajie mengi. Mstari mmoja wa ubatizo huwa na tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama pamoja na ukoo aliozaliwa, na majina ya wasimamizi wawili wa ubatizo. Mara nyingi umeandikwa kwa Kilatini, hivyo Patrick ni Patricius, James ni Jacobus na William ni Gulielmus. Wasimamizi wasipuuzwe, kwani mara kwa mara ni shangazi au mjomba wa mtoto, na huyo ndiye atakayemwonyesha mtafiti tawi jingine la ukoo. Jina la ukoo nalo lisichukuliwe kama lilivyo. Padri aliandika alivyosikia. Sullivan wa kitabu kimoja ni O'Sullivan wa kitabu kingine.

Iko desturi moja ambayo wasikilizaji wetu kutoka Kenya wataitambua mara moja. Familia nyingi za Ireland zilimpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama, kama wafanyavyo Wakikuyu. Wanapotofautiana ni kwa mabinti: Waireland walianza na bibi mzaa mama, ilhali Wakikuyu huanza na mzaa baba. Haikuwa sheria, lakini mtafiti aliyekwama, mwenye orodha ya watoto wa nyumba moja, anaweza kukisia majina ya wazazi wa wazazi na kuanza kuwatafuta.

Serikali ilianza kuandikisha ndoa zisizo za Kikatoliki tarehe 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa za watu wote vilianza kuandikishwa tarehe 1 Januari 1864. Kumbukumbu hizi ni pana zaidi: hutaja kazi ya baba, mahali mtoto alipozaliwa na jina la aliyetoa taarifa, ambaye mara nyingi hakujua kuandika na kwa hiyo aliweka alama ya msalaba. Lakini nazo zina hila zake. Mzazi aliyechelewa kuandikisha alitozwa faini, na wengi waliona ni nafuu kusogeza mbele siku ya kuzaliwa. Ndipo unapokutana na mtoto ambaye kanisani amebatizwa kabla ya siku ambayo serikali inasema alizaliwa. Hapo mwandishi wa makala hii angemwamini padri, kwani yeye hakuwa na faini ya kutoza.

Tazameni tena tarehe hizo. Njaa Kuu, iliyoletwa na maradhi ya viazi, ilianza mwaka 1845 na kudumu hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Serikali haikuanza kuandikisha vifo ila miaka kumi na miwili baadaye, na parokia za Kikatoliki zilikuwa nadra kuweka kitabu cha maziko. Huko Skibbereen, kaunti ya Cork, maelfu walizikwa katika makaburi ya pamoja ya Abbeystrewry bila majina yao kuandikwa popote. Mjukuu wa aliyepanda meli huweza kumpata mhenga wake katika orodha za abiria na kumbukumbu za Marekani. Mtu anayemtafuta ndugu aliyebaki nyuma huona jina lake siku ya ubatizo, pengine na siku ya ndoa, kisha ukurasa ukanyamaza. Kitabu cha tathmini ya ardhi kilichosimamiwa na Richard Griffith kati ya 1847 na 1864 kinawataja wakuu wa kaya na viwanja walivyokodi. Wake na watoto hawamo.

Hata hivyo lipo pengo moja lililozibwa kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee wa umri wa miaka 70 pensheni ya hadi shilingi tano kwa wiki kuanzia Januari 1909. Wazee wa Ireland hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Wengine walisema wanaukumbuka usiku wa tufani kubwa ya tarehe 6 Januari 1839, jinsi wazee wetu walivyohesabu umri kwa mwaka wa nzige au wa vita. Wengine waliomba sensa ya 1841 au ya 1851, ambazo zilikuwa bado zipo Dublin, ipekuliwe. Karani alitafuta nyumba ya wazazi wa mwombaji na kuandika alichokiona katika fomu: jina la baba, la mama, na pengine watoto waliokuwamo. Miaka michache baadaye sensa yenyewe ikaungua. Fomu za maombi zikabaki, nazo zimehifadhiwa hadi leo mjini Dublin na Belfast, na kwa baadhi ya familia zilizopitiwa na Njaa Kuu ndiyo karatasi pekee inayoonyesha kwamba waliwahi kuishi chini ya paa moja.