Mji Mkongwe wa Zanzibar: Maeneo ya Kihistoria na Wajibu wa Kuyatunza

Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliopo upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, ni miongoni mwa miji ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki ambayo haijageuka magofu. Watu bado wanaishi ndani yake, wanafanya biashara kwenye vichochoro vyake, wanaswali katika misikiti yake na kupunga upepo jioni kwenye baraza zake. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Makala hii inaeleza maeneo makuu ya kihistoria yaliyomo katika mji huo na vitongoji vyake, asili ya kila eneo, pamoja na mambo ambayo mwananchi au mgeni anapaswa kuyafahamu kabla ya kuutembelea.

ASILI YA MJI

Mji ulianza kama makazi ya wavuvi katika rasi ya Shangani. Wareno walifika mwambao huu mwishoni mwa karne ya 15 na kujenga kanisa mahali hapo. Waarabu wa Oman waliwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan akahamishia Unguja makao makuu ya utawala wake kutoka Muscat.

Kuanzia hapo mji ulikua kwa kasi. Karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa viliufanya kuwa soko kubwa la Bahari ya Hindi ya magharibi. Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wangazija na watu wa bara walikutana hapa, na kila jamii iliacha alama yake katika majengo, vyakula na lugha. Lahaja ya mji huo, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika miaka ya mwisho ya 1920.

Zamani rasi hiyo ilitenganishwa na sehemu nyingine ya kisiwa kwa mkono wa bahari, ambao baadaye ulifukiwa. Majina yamebaki kuwa ushahidi: Darajani ni mahali palipokuwa na daraja, na Ng'ambo ni mitaa iliyokuwa upande wa pili wa maji.

KUTOKA BANDARINI HADI FORODHANI

Mgeni anayeshuka kwenye boti katika Bandari ya Malindi hukutana kwanza na majengo ya barabara ya Mizingani. Jengo la Zahanati ya Zamani, lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, lilianzishwa na mfanyabiashara tajiri wa asili ya Kihindi, Tharia Topan, kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria mwaka 1887. Yeye mwenyewe alifariki kabla halijakamilika. Katika miaka ya 1990 jengo hilo lilikarabatiwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan, likawa mfano wa kuonesha kuwa jengo kongwe linaweza kupewa uhai mpya bila kupoteza sura yake.

Mbele yake ipo Kasri ya Beit al-Sahel, iliyopewa jina la Kasri ya Watu baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na ambayo ilifanywa makumbusho mwaka 1994. Humo mmetengwa chumba cha kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1886, ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo ya mwanamke wa mwambao huu kuyaeleza maisha ya ndani ya kasri.

Eneo hilo ndilo lililopigwa mizinga na meli za Uingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, baada ya Khalid bin Barghash kushika ufalme bila ridhaa ya Waingereza. Vita hivyo vilimalizika ndani ya muda usiotimia saa moja, na huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia iliyoandikwa. Ufupi huo usimfanye mgeni avichukulie kama kichekesho, kwani mamia ya watu waliuawa au kujeruhiwa, na kasri ya Beit al-Hukm iliyokuwa jirani ikaangamia kabisa.

BEIT AL-AJAIB

Jumba la Maajabu, au Beit al-Ajaib, lilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na dhifa za kifalme. Nguzo zake za chuma, dari zake ndefu na taa zake za umeme, ambazo zilikuwa jambo geni kwa watu wa wakati ule, ndizo zilizolipatia jina hilo. Baadaye lilitumika kuwa ofisi za serikali, na mwishowe likawa makumbusho ya historia na utamaduni. Miongoni mwa vilivyokuwa vimehifadhiwa humo ulikuwa mfano wa mtepe, chombo cha kale cha Waswahili ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja.

Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Jengo lililosimama kwa zaidi ya miaka 130 na kuonekana na kila nahodha aliyeingia bandarini lilipata pengo katika muda mfupi mno. Tukio hilo liliwakumbusha wananchi kwamba cheti cha urithi wa dunia hakizuii ukuta kuanguka. Kinachouzuia ni matunzo ya kila mwaka.

NGOME KONGWE NA BUSTANI YA FORODHANI

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, baada ya Wareno kuondolewa. Katika karne ya 19 ilitumika kuwa gereza. Leo ndani ya kuta zake mna ukumbi wa wazi ambapo hufanyika matamasha, likiwemo Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar lililoanza mwaka 1998 na tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004.

Mbele ya ngome ipo Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya matengenezo makubwa. Jua linapotua, wauzaji huwasha majiko yao na kuuza samaki, pweza, mishikaki, urojo na maji ya miwa. Hapo vijana wa mji hujirusha baharini kutoka ukutani, na wazee huketi wakizungumza.

MKUNAZINI: ENEO LA KUMBUKUMBU

Hakuna eneo linalohitaji utulivu wa mgeni kuliko Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa. Wanaume, wanawake na watoto waliotekwa bara, wengi wao kutoka nchi zinazozunguka Ziwa Nyasa, waliletwa mahali hapo na kunadiwa kama bidhaa. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Hata hivyo, hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria baadaye, mwaka 1897, na masalia yake yaliendelea kwa miaka kadhaa.

Kanisa Kuu la Kristo la Kianglikana lilijengwa juu ya eneo la soko hilo chini ya usimamizi wa Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa Kiswahili na amezikwa ndani yake. Ndani ya kanisa umo msalaba uliochongwa kutoka kwenye mti uliokuwa mahali ulipozikwa moyo wa David Livingstone, katika nchi inayoitwa Zambia hivi leo. Nje lipo shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, lililowekwa mwaka 1998. Karibu yake pana maonesho ya kudumu kuhusu historia ya utumwa katika Afrika Mashariki.

Wananchi wanaofika na watoto wanashauriwa kuwaeleza historia hiyo kwa ukamilifu wake. Utajiri uliojenga majumba mengi yanayosifiwa leo ulitokana kwa sehemu na jasho la waliouzwa hapo, na haiwezekani kuyaelewa majumba hayo bila kufika Mkunazini.

VICHOCHORO, MILANGO NA NYUMBA ZA IBADA

Kutoka Mkunazini, mgeni anaweza kupita Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, kisha akaingia katikati ya mji. Hamamni kuna hodhi na vyumba vya mabafu ya umma yaliyojengwa kwa amri ya Sultani Barghash. Shangani ipo nyumba ya Hamed bin Muhammed al-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefika hadi ndani ya Kongo, aliyeandika habari za maisha yake kwa Kiswahili na kufariki mjini humo mwaka 1905.

Kanisa Kuu Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo wenyeji huliita Minara Miwili, lilijengwa na wamisionari wa Kifaransa katika muongo wa mwisho wa karne ya 19. Msikiti wa Malindi una mnara wa umbo la pia ambao mfano wake ni nadra katika mwambao wote. Misikiti, makanisa na mahekalu ya Kihindu yamekuwa majirani katika mji huu kwa vizazi vingi.

Milango ndiyo fahari ya nyumba. Mlango wenye kizingiti cha mraba cha juu, uliochongwa maua, minyororo au aya za Kurani, ni wa mtindo wa Kiarabu na Kiswahili. Mlango wenye tao juu na vijumba vidogo vya mapambo mara nyingi ni wa asili ya Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba iliyopachikwa humo ilitoka katika desturi za Kihindi.

VITONGOJI VYA MJI

Wenye nafasi zaidi wanaweza kufika magofu ya kasri ya Mtoni, alikozaliwa Sayyida Salme, na ya Maruhubi, kasri ya Sultani Barghash iliyoungua moto mwaka 1899. Mangapwani kuna chumba kilichochongwa chini ya ardhi, kinachohusishwa na kufichwa kwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Kisiwa cha Changuu kilijengewa gereza ambalo likaja kutumika kuwa karantini, na sasa ni makazi ya kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli. Kusini mwa Unguja, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107.

KWA NINI MAJENGO HAYA NI DHAIFU

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Chokaa huruhusu ukuta kupumua na kutoa unyevu. Ukuta huo ukipakwa saruji, unyevu hubaki ndani, boriti huoza na plasta hubanduka. Bomba linalovuja au paa lililotoboka linaweza kuangusha ghorofa nzima katika misimu michache ya mvua.

Kwa sababu hiyo, kazi yoyote ya ujenzi au ukarabati katika eneo la hifadhi inahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Sharti hilo linawahusu wamiliki wote: watu binafsi, wakfu, wawekezaji na taasisi za umma. Mkazi anayeona ufa mpya, ukuta uliotuna au roshani iliyolegea anapaswa kutoa taarifa mapema, kwa kuwa uhai wa wapita njia hutangulia thamani ya jengo.

MAMBO YA KUZINGATIA KWA MGENI

Mji hufikika kwa boti kutoka Dar es Salaam kwa mwendo wa takriban saa mbili, au kwa ndege kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, huwa na mvua nyingi. Vichochoro vingi havipitiki kwa gari, hivyo viatu vya kutembelea vinahitajika.

Wageni wanaombwa kuvaa mavazi ya staha, kuomba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na kutokula wala kunywa hadharani mchana wa mwezi wa Ramadhani. Inashauriwa kutumia waongoza watalii wenye vitambulisho na kudai risiti kwa kila kiingilio kinacholipwa. Ni marufuku kuchora kuta, kung'oa misumari ya milango au kununua vitu vya kale vilivyotolewa majumbani.

Mji huu umepokea wageni kwa karne nyingi na bado unawakaribisha. Anayeingia aukute kama alivyousikia, na anayeondoka auache kama alivyoukuta, ili watakaofuata nao wakute kitu cha kuona.